Ndege Mpya au Iliyotumika: Hesabu Ambayo Mwananchi Hajaonyeshwa

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wahenga waliotuachia usemi huu hawakuwahi kuona ndege, lakini waliufahamu vema moyo wa mwanadamu anayesimama mbele ya kitu kinachong'aa. Katika makala haya nakusudia kujadili swali ambalo kwa kawaida huachiwa marubani, wahandisi na wahasibu, nalo ni hili: shirika la ndege linapotaka kubeba mizigo, linunue ndege mpya kutoka kiwandani, au linunue iliyokwishatumika? Nitajenga hoja kwamba swali hili ni la kila raia, kwa sababu fedha ni za kila raia; na kwamba tangu tulipoanza kulijadili hapa nchini tumeling'ang'ania jibu kabla ya kulitazama swali lenyewe.

Tuanze na yanayofahamika. Mwezi Novemba 2021, katika maonesho ya ndege ya Dubai, kampuni ya Boeing ilitangaza kwamba Tanzania imeagiza ndege nne: moja aina ya 787-8, mbili za familia ya 737 MAX, na moja ya mizigo aina ya 767-300F. Kwa bei za orodha ya kiwanda, kabla ya punguzo ambalo wanunuzi hupewa, oda hiyo ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola za Marekani milioni 726. Tarehe 3 Juni 2023 ndege ya mizigo ilitua Dar es Salaam na kupokewa na Rais Samia Suluhu Hassan. Ina uwezo wa kubeba takribani tani 54. Kwa mujibu wa utaratibu wetu, mmiliki wa ndege hizi ni Serikali kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, na Shirika la Ndege Tanzania, yaani ATCL, huzikodi na kuzirusha.

Ninaandika haya nikiwa Milepa, kata iliyo katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Huku bondeni watu hulima mpunga, ufuta na mahindi, na huvua samaki ziwani. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara, na sehemu ngumu kuliko zote ni ya kupandisha mzigo kutoka bondeni hadi kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, ilipo Sumbawanga. Hakuna gunia la mpunga wa Milepa litakalopanda ndege ya tani 54, na sitarajii lipande. Mchele na mahindi ni mizigo mizito yenye thamani ndogo kwa kila kilo, na nauli ya anga ingemeza bei yote. Kinachopanda ndege ni samaki wabichi, nyama, maua, mbogamboga, dawa, vipuri na vifaa vya kielektroniki. Kwa hiyo mkulima wa Milepa si mteja wa ndege ile. Yeye ni mmiliki wake, na mmiliki ana haki ya kuuliza maswali ambayo mteja hana haja nayo.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba maswali hayo watu wa huku wanayajua tayari. Mfanyabiashara wa bondeni anapotaka lori la kubebea mpunga, mara nyingi hanunui jipya. Hununua Fuso iliyotumika, iliyotoka Japani ikiwa na miaka yake kadhaa. Hafanyi hivyo kwa kupenda vitu vikuukuu. Hufanya hivyo kwa sababu anajua msimu wa mavuno ni mfupi, barabara ni mbovu wakati wa masika, na kuna miezi ambayo lori litasimama uani bila mzigo. Lori lililosimama halidai mafuta, lakini mkopo uliolinunua unaendelea kudai. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, huuliza litapata tripu ngapi kwa msimu, na likirudi kutoka mjini litarudi na nini. Jirani yake mwenye mkataba wa kubeba mzigo mwaka mzima kati ya Sumbawanga na Dar es Salaam anaweza kuamua kununua lori jipya, naye akawa sahihi vilevile. Wote wawili wamefuata kanuni moja, ila kazi zao hazifanani.

Kanuni hiyo ndiyo inayotawala biashara ya mizigo ya anga duniani. Gharama za ndege zipo za aina mbili. Za kwanza ni zile zinazohesabiwa ndege iwe angani au chini: uchakavu wa mtaji, riba au kodi, bima, na mishahara ya wafanyakazi wa kudumu. Za pili ni zile zinazokuja kwa kila saa ya kuruka: mafuta, matengenezo, ada za viwanja na za kuongozwa angani. Ndege mpya ni ghali upande wa kwanza na nafuu upande wa pili. Ndege iliyotumika ni kinyume chake.

Tuchukue mfano wa namba ambazo nimezibuni mwenyewe kwa ajili ya kufundishia, wala si bei za ndege yetu. Ndege mpya iwe ya dola milioni 120 na idumu miaka 25. Uchakavu wake ni dola milioni 4.8 kwa mwaka. Iliyotumika, ikiwa imekwisha kubadilishwa kuwa ya mizigo, iwe ya dola milioni 40 na idumu miaka 16. Uchakavu wake ni dola milioni 2.5 kwa mwaka. Tuseme kila saa ya kuruka, hii ya pili inadai dola 1,000 zaidi kwa sababu ya matengenezo ya uzee. Zikiruka saa 3,000 kwa mwaka, ile mpya inatugharimu dola 1,600 kwa saa na ile ya zamani dola 1,833, mpya imeshinda. Zikiruka saa 1,000 tu kwa mwaka, mpya inatugharimu dola 4,800 kwa saa na ya zamani dola 3,500. Ya zamani imeshinda, tena kwa mbali. Mpaka kati yao, kwa namba hizi, ni saa 2,300 kwa mwaka. Nami sijaweka riba. Ukiiweka, mpaka huo unasogea juu zaidi, kwa kuwa mtaji uliofungwa katika ndege mpya ni mara tatu ya ule wa pili.

Msomaji ataona kwamba katika hesabu hii hakuna mahali palipoandikwa fahari ya taifa, wala hakuna mahali palipoandikwa mtumba. Kuna saa za kuruka tu.

Ndiyo maana makampuni tajiri kuliko sisi hayaoni haya kununua ndege zilizotumika. Mwezi Januari 2021, Amazon, mojawapo ya makampuni makubwa kabisa duniani, ilitangaza kununua ndege 11 aina ya 767-300 zilizokuwa zikibeba abiria katika mashirika ya Delta na WestJet, ili zigeuzwe kuwa za mizigo. Ndege za aina hii hutobolewa mlango mkubwa ubavuni, sakafu yake huimarishwa, viti huondolewa, na kazi inaendelea. Katika ukanda wetu, RwandAir ilichukua Boeing 737-800 iliyobadilishwa kutoka ya abiria. Kenya Airways nayo imeendesha huduma yake ya mizigo kwa ndege za 737 zilizobadilishwa. Ethiopian Airlines, inayotangulia mashirika yote ya bara letu kwa mizigo, hutumia njia zote mbili: ina 777 mpya kutoka kiwandani kwa safari ndefu zinazojaa, na wakati huohuo iliingia ubia na kampuni ya Israel Aerospace Industries ili ndege za abiria aina ya 767 zigeuzwe kuwa za mizigo hapohapo Addis Ababa. Shirika hilo halikuchagua kati ya mpya na ya zamani kama mtu achaguaye dini. Kila njia ilipewa ndege inayoifaa.

Hata hivyo, haki inanitaka niutetee pia upande wa ndege mpya, maana hofu ya Watanzania kuhusu vilivyotumika haikuzuka hewani. Mwaka 2007 ATCL iliingia mkataba wa kukodi Airbus A320 iliyokwishatumika. Ndege hiyo ilifanya kazi kwa muda mfupi, kisha ikakaa matengenezoni nje ya nchi huku kodi ikiendelea kuhesabiwa, na mwisho wa yote deni la mamilioni ya dola likaiangukia Serikali iliyokuwa imetoa dhamana. Kisa hicho kilijadiliwa sana katika taarifa za ukaguzi. Serikali ilipoanza kulifufua shirika mwaka 2016 kwa kununua Bombardier Q400 mpya, wengi wetu tulielewa kwa nini.

Tena wako wanaokumbuka Mwanza. Kwa miaka mingi minofu ya sangara ilibebwa kwenda Ulaya na ndege kuukuu za kukodi. Tarehe 3 Februari 2000, Boeing 707 iliyokuwa ikija kuchukua samaki ilianguka katika Ziwa Victoria, waliokuwamo walinusurika. Tarehe 23 Machi 2005, Ilyushin 76 iliyokuwa imepakia minofu ilianguka ziwani muda mfupi baada ya kupaa, na watu wote wanane waliokuwamo wakafa. Sisemi kwamba uzee wa ndege ndio uliowaua. Ninachosema ni kwamba ndege ya zamani inadai mambo mawili ambayo nchi maskini hukosa mara nyingi: fedha za matengenezo zinazofika kwa wakati, na msimamizi wa usalama asiyeogopa kuizuia isiruke. Nchi isiyo na mambo hayo, rahisi itaivunjia upishi.

Lakini upya nao si kinga kamili. Mwaka 2022 ATCL ililazimika kufuta safari kadhaa kwa sababu ndege zake za Airbus A220, zilizonunuliwa mpya, zilikuwa na matatizo ya injini yaliyozikumba pia ndege za aina hiyo katika mashirika mengine duniani. Ndege zenye miaka michache tu zilisimama chini. Lililotuumiza A320 ya kukodi mwaka 2007 na lililotuumiza A220 mpya mwaka 2022 ni jambo moja: ndege haikuruka, na gharama hazikusimama.

Sasa tuirudie 767-300F yetu, maana ina mambo mawili ambayo sikuyasikia yakisemwa siku ya mapokezi.

La kwanza ni kwamba ndege hii ni mpya kwa umri, lakini si mpya kwa muundo. Familia ya 767 iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na toleo hili la mizigo lilianza kazi mwaka 1995 katika kampuni ya UPS. Mwezi Oktoba 2024 Boeing ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza 767 za mizigo kwa wateja wa kibiashara mwaka 2027. Maana yake kiuchumi ni nzito. Sababu kubwa ya kulipia upya ni kuokoa mafuta, na mafuta huokolewa na teknolojia mpya ya injini na mabawa. Ukinunua 767 mpya, huipi teknolojia hiyo; matumizi yake ya mafuta hayatofautiani sana na ya 767-300 iliyobadilishwa. Ulichonunua hasa ni miaka ya uhai wa bodi la ndege, dhamana ya kiwanda, na nafuu ya matengenezo kwa miaka ya mwanzo. Hizo ni faida za kweli. Lakini huvunwa na anayerusha ndege sana. Asiyeirusha analipia miaka ambayo haitumii.

La pili ni kwamba ndege ni moja. Ndege moja ya aina yake ina mahitaji ya kundi zima: marubani wenye leseni ya aina hiyo, mafundi waliofunzwa, ghala la vipuri. Inapokwenda kwenye ukaguzi mkubwa, huduma yote ya mizigo inakwenda nayo, na mteja aliyekuwa na tani zake za samaki hamngoji mtu, hupeleka kwingine. Mfanyabiashara makini angejiuliza kama fedha ile isingetosha kununua mbili zilizotumika, zenye hali nzuri na vitabu vya matengenezo vilivyokamilika, ili moja ikiwa karakana nyingine iwe angani. Pengine jibu ni hapana. Lakini swali lilistahili kuulizwa mbele ya watu.

Kuna pia suala la njia. Kwa mzigo kamili, 767-300F husafiri takribani kilomita 6,000 bila kutua. Dubai na Mumbai zimo ndani ya duara hilo. Guangzhou, ambako wafanyabiashara wa Kariakoo huagiza bidhaa, iko zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Dar es Salaam, hivyo ndege iliyojaa lazima itue njiani kuongeza mafuta. Si kasoro ya ajabu, mashirika mengi hufanya hivyo. Ila inaonyesha kwamba ndege huchaguliwa baada ya kujua njia, na njia hujulikana baada ya kujua mzigo, wa kwenda na wa kurudi. Ndege inayokuja imejaa bidhaa za China na kuondoka tupu inafanya nusu ya kazi kwa gharama nzima. Nasi tunajua kwamba mboga na maua ya Arusha na Kilimanjaro vimekuwa kwa miaka mingi vikipelekwa Nairobi kwa malori ili vipande ndege huko. Mzigo wa kwenda upo. Kinachouzuia ni vyumba vya baridi, ratiba isiyoyumba, nauli na urasimu wa vibali. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibiwa na tarehe ya kutengenezwa kwa ndege.

Nikisema haya, wapo watakaoniambia kwamba ndege ya Taifa si biashara tu, ni huduma, na kwamba hasara ya shirika yaweza kuwa faida ya uchumi. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Barabara ya kupanda kutoka bondeni hadi Ufipa haitalipa gharama zake kwa ushuru, lakini hakuna mwenye akili atakayesema isijengwe. Tofauti ni kwamba faida ya barabara tunaweza kuiona na kuipima: bei ya gunia shambani, nauli, muda wa kumfikisha mgonjwa hospitali. Anayedai kwamba ndege inaleta faida ya namna hiyo kwa uchumi, atupe kipimo. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinaonyesha kwamba hasara ya ATCL ilipanda kutoka shilingi bilioni 35.24 mwaka wa fedha 2021/22 hadi bilioni 56.64 mwaka 2022/23. Hasara hiyo ni ya shirika zima, na haingekuwa haki kuitwika ndege ya mizigo iliyofika mwezi wa mwisho wa kipindi hicho. Lakini shirika lenye mizania ya namna hii halina nafasi ya kununua chochote kwa hisia.

Napendekeza, basi, mambo ambayo hayahitaji sheria mpya wala semina. Kila mwaka, ATCL na Wakala wa Ndege za Serikali wachapishe namba nne kuhusu ndege ya mizigo, kwa Kiswahili na katika ukurasa mmoja: imeruka saa ngapi kwa jumla; imebeba tani ngapi kwenda na tani ngapi kurudi; imesimama chini siku ngapi na kwa sababu gani; na kila tani iliyosafirishwa imegharimu kiasi gani. Pili, kabla ya ndege ya pili ya mizigo kuagizwa, upembuzi yakinifu unaolinganisha mpya, iliyobadilishwa na ya kukodi uwekwe mbele ya Kamati ya Bunge ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma, na wananchi wausome. Tatu, kama tutanunua iliyotumika, mkataba usisainiwe mpaka mkaguzi huru awe ameikagua ndege pamoja na kumbukumbu zake zote, na fedha ya matengenezo iwe imetengwa. Yaliyotupata mwaka 2007 yanatosha kuwa ada ya shule.

Kwa wanafunzi wangu wanaosoma ukurasa huu, nawasihi msiishie kwenye picha za ndege ikimwagiwa maji uwanjani. Zitafuteni taarifa za ukaguzi, ni nyaraka za wazi, mzisome kwa kalamu mkononi. Kwa wanaharakati, nasema kelele kwamba ndege ni ghali hazitoshi. Kila ndege ni ghali. Daini idadi ya saa. Na kwa watumishi wa umma mnaoandaa mafaili ya maamuzi haya, natambua mara nyingine faili hufika mezani jibu likiwa limekwishaandikwa juu yake. Andikeni hesabu hivyohivyo na iacheni ndani ya faili. Siku moja mkaguzi ataikuta.

Hakuna aibu katika ndege iliyotumika inayoruka usiku na mchana ikiwa salama, wala hakuna fahari katika ndege mpya inayolala uwanjani. Mwenye Fuso wa Milepa hulijua hilo kwa lori lake la fedha za mfukoni mwake. Kwa ndege hii, fedha iliyotumika ni yake pia, na tunachodaiwa ni kumwonyesha hesabu ileile anayoifanya yeye kila msimu.